Bwana Msa Amefika Kasulo

Niliahidi kwamba wiki hii ukurasa huu utafundisha kutengeneza sabuni ya vipande. Sabuni itangoja. Kwa siku tatu nimesimamishwa sokoni na wamama wanne, wote kwa swali moja: kile kitabu mnachosoma Jumamosi mchana, kinachowafanya mcheke mpaka avenyu ya pili wanasikia, ni kitabu gani?

Kinaitwa Mzimu wa Watu wa Kale. Aliyekiandika ni Mzanzibari, marehemu Muhammed Said Abdulla. Nakala yetu ililetwa na shemeji yangu, dereva wa lori, aliyekinunua Dar es Salaam ili apitishe nacho siku za kungoja zamu pale Kasumbalesa. Alingoja sana, maana alipofika Kolwezi alikuwa amekimaliza mara mbili. Jalada lina duara la kikombe cha chai, kurasa mbili zimeshikana kwa kitu ambacho hataki kusema ni nini, na hata hivyo tunakigombania.

Ni hadithi ya upelelezi, lakini msifikiri ni ile ya bunduki na magari ya kukimbizana. Hizo nazo tunazo katika Kiswahili. Elvis Musiba wa Tanzania alimwandika Willy Gamba, na katika Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979 akamleta mpaka Kinshasa kwetu, huko maiti zikaanguka moja juu ya nyingine. Wanangu wa kiume wanaipenda. Mimi nikisoma usiku sipati usingizi, na mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasha mbabula hana haja ya kutafutiwa sababu nyingine ya kukosa usingizi.

Hadithi ya Bwana Msa ni ya namna nyingine. Mtu amekufa, ndiyo, lakini damu haimwagiki miguuni pako. Mahali ni padogo, watu wanajuana kwa majina ya baba na babu. Anayechunguza si askari, hana silaha, hana mshahara wa kazi hiyo. Ni mtu tu mwenye macho na masikio, anayekunywa chai kwa watu, anayeuliza swali linaloonekana la kijinga, halafu anakaa kimya. Na kuna hakika moja inayotuliza moyo: kitabu kikifikia mwisho, jambo litajulikana. Hapa kwetu mambo mangapi yanafika mwisho bila kujulikana? Labda ndiyo maana wamama wanapenda hadithi hizi kuliko wanaume.

Bwana Msa anavuta kiko. Hapo ndipo kicheko chetu cha kwanza kilipotoka. Kiswahili cha Unguja na chetu cha huku Lualaba ni ndugu, lakini ni ndugu waliolelewa nyumba mbali mbali. Mama mmoja alijua kwamba kiko cha mkono ni kile kifundo cha katikati ya mkono, basi sura nzima alimwona bwana mkubwa wa Unguja ametia kifundo cha mkono mdomoni akifikiri. Alipoambiwa kwamba kiko hiki ni cha tumbaku, kile ambacho wazee wetu wanaita pipe kwa Kifaransa, alikataa. Anasema picha yake ni nzuri zaidi. Kuna maneno mengine mengi ya namna hiyo, na tumeona kwamba hayatuzuii. Neno moja likitushinda tunaliruka, na baada ya kurasa tatu linajieleza lenyewe.

Rafiki wa Bwana Msa anaitwa Najum. Waliosoma habari za Sherlock Holmes, yule Mwingereza wa vitabu, watawatambua mara moja: mmoja anaona, mwingine anashangaa. Mtu anaweza kusema kwamba Abdulla alikopa. Ndiyo, alikopa, kama mama anavyokopa sufuria kwa jirani. Kilichopikwa humo ni cha kwake. Mashamba ya karafuu na minazi, mabwana wenye ardhi na wafanyakazi wao, siri za ndoa, watoto wasiojulikana baba zao, mambo yote yale ambayo watu wazima wanaacha kusema mtoto akiingia.

Huyu Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Kabla ya kuwa mwandishi wa magazeti alifanya kazi katika idara ya afya kama mkaguzi. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Mkaguzi wa afya ni mtu gani? Ni yule anayeingia katika lupango za watu, anaangalia shimo la choo, anaangalia kisima, anauliza nani analala wapi. Sijui kama alikusudia, lakini naona kama Bwana Msa alizaliwa hapo, katika kuingia ua wa mtu na kuona kile ambacho mwenye nyumba alikifunika haraka. Baadaye akawa mhariri, na kuanzia mwaka 1958 aliongoza gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyofanywa na ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, ukachapwa mwaka 1960. Vingine vikafuata: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa, Kosa la Bwana Msa. Kuna kimoja cha mwaka 1975 kinachoitwa Mke Mmoja Waume Watatu. Nilipolitaja jina hilo katika kikundi, wamama watano walisema wataweka zamu kwa hicho kwanza, na mmoja akasema atakificha chini ya mto.

Sasa nije kwenye hadithi yenyewe, bila kuiharibu. Mwenye shamba anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, pale watu wanapoheshimu wazee wa kale. Watu wa mtaa hawana swali. Mzimu umemchukua, basi. Nani atauliza mzimu ulikuwa wapi jioni ile? Bwana Msa hawatukani watu kwa imani yao, wala hacheki. Anasikiliza yote. Lakini yeye anataka kujua nani alimwona marehemu mara ya mwisho, nani alifaidika, nani anasema jambo moja leo na jingine kesho. Na kidogo kidogo, pale palipokuwa na mzimu mmoja mkubwa, panaanza kuonekana watu wengi wadogo wenye sababu zao.

Hapo kicheko chetu kilipungua kidogo. Sote tuliokaa pale tunaishi Kasulo. Tangu mwaka 2014, pale mkaaji mmoja alipochimba katika lupango lake akakuta mawe ya kobalti, kartie yetu imekuwa na mashimo chini ya nyumba, chini ya jikoni, chini ya kitanda. Shimo lina mdomo mmoja, lakini huko chini lina njia nyingi, na kijana akiingia asitoke, mara ngapi tumesikia kwamba jiwe limetaka mtu? Mara ngapi kidole kimenyoshwa kwa bibi mjane anayeishi peke yake, au kwa mtoto wa marehemu dada aliyeletwa nyumbani na fuko moja la nguo? Mti wa kushikilia udongo haukuwekwa, mvua ilinyesha siku nne, pampu ya hewa ilizimika: hayo yanaulizwa baadaye, kama yanaulizwa. Anayeulizwa kwanza ni bibi.

Nitawasimulia jambo lililotokea katika likelemba ya avenyu moja hapa hapa. Wenyewe wameniruhusu, mradi nisitaje majina. Tena majina ndiyo yaliyoleta shida, mtaona.

Wamama ni kumi na wawili. Kila mmoja anatoa franka 10,000 kwa wiki, na Jumamosi mmoja anabeba 120,000. Mtunza fedha anaweka noti katika kopo la maziwa ya unga, na katika daftari anaweka alama mbele ya jina la aliyelipa. Jumamosi moja daftari lilikuwa na alama kumi na mbili. Kopo lilikuwa na 110,000. Walihesabu mara tatu. Waligeuza kopo, wakapiga matako yake kwa kiganja, kama vile noti ya franka inaweza kushikwa na ukoko wa maziwa.

Katika nyumba hiyo kuna msichana wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa marehemu ndugu wa mtunza fedha. Yeye ndiye anayefagia chumba chenye kopo. Hakuna aliyesema neno baya mara moja. Mmoja alisema tu kwamba watoto wa siku hizi wana mikono myepesi. Wa pili akasema kwamba mtoto huyu, tangu aje, biashara ya shangazi yake haiendi. Wa tatu akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli anazungumza usiku katika usingizi. Mnaona njia inavyoteremka? Walianza na noti ya franka 10,000, na katika muda wa kumenya vitunguu viwili walikuwa wamefika kwenye usiku. Na mtoto alikuwa nyuma ya pazia la jikoni na sufuria mkononi, anasikia kila neno.

Mama mmoja kati yao ni wa kikundi chetu cha kusoma. Si mzee, si msomi, anauza makala. Aliomba jambo dogo. Alisema kabla ya kumwita mtoto, kila mmoja aseme alilipa siku gani, kwa mkono wa nani, na nani alimwona. Wengine walikasirika. Yeye akasema basi aanze mwenyewe, akaanza. Alhamisi, mkono wa mtunza fedha, mbele ya jirani. Wakaendelea. Waliokuwa pale ni kumi, wote wakasema, wote wakashuhudiwa. Wawili hawakuwapo, na wote wawili, kama ilivyo kwetu, wanaitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na watoto hao wana jina moja. Mmoja anakaa juu ya avenyu, mwingine chini karibu na kisima. Siku hiyo mmoja alikuwa sokoni, mwingine alikuwa kwenye kilio huko Likasi.

Wakaulizwa: mama fulani alilipa? Wawili wakajibu pamoja kwamba alilipa, walimwona kwa macho yao Ijumaa asubuhi akitoa noti. Vizuri. Wakataka kuendelea. Muuza makala akauliza swali lake la pili, na swali lenyewe lilikuwa fupi tu.

"Wa juu au wa chini?"

Kimya. Wote wawili walikuwa wamemwona wa chini. Wa juu hakuna aliyemwona, kwa sababu tangu Jumatano alikuwa Likasi. Sasa alama yake katika daftari ilitoka wapi? Daftari likaletwa dirishani. Alama kumi na moja zilikuwa za wino wa bluu, wa kalamu ya mtunza fedha. Moja ilikuwa nyeusi. Kijana mkubwa wa nyumba ndiye mwenye kalamu nyeusi ya shule. Aliitwa kutoka kiwanja cha mpira, akaja na vumbi lake. Ndiyo, Ijumaa jioni alikuwa na simu ya mama yake, feza ikaingia kutoka Likasi, akaona ni ya likelemba, akaweka alama ili asaidie, halafu akaenda kucheza. Franka 10,000 zilikuwa ndani ya simu, katika mfuko wa gauni la mama yake, tangu Ijumaa hiyo.

Mtunza fedha alikwenda jikoni, akamtoa mtoto nyuma ya pazia, akamkalisha mbele ya wamama wote kwenye kiti chake mwenyewe, naye akasimama. Yule wa tatu, aliyeuliza habari za usiku, alikaa akiangalia mikono yake, halafu akafungua kikapu akampa mtoto ndizi mbili. Hakusema lolote. Mtoto alizipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akasema asante, akala moja. Ya pili alimpa kijana wa kalamu nyeusi.

Kwa kuwa jambo hili linaweza kumfikia yeyote, niseme pia sheria inavyosema, maana wengi hawajui kwamba ipo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na inaliweka jambo hilo pamoja na kumtupa mtoto na kumtesa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kwamba anayemsingizia mtoto uchawi anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka miaka 3, na kutozwa faini. Bibi mjane hana kifungu chake mwenyewe kama mtoto, lakini kumpiga, kumfukuza au kumchomea nyumba ni kosa kwa sheria ya kawaida, hata kama avenyu nzima imekubaliana.

Turudi kwenye raha yetu. Kwa wanaosoma Kifaransa, kuna mama mwingine ambaye lazima mkutane naye, na huyu ni wa karibu zaidi na sisi kuliko Bwana Msa, kwa sababu ni mwanamke, mnene, na anajua bei ya kila kitu. Anaitwa Mma Ramotswe. Nchi yake ni Botswana. Ukivuka Zambia unamkuta. Aliyemwandika ni Alexander McCall Smith, mzungu aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948 na ambaye baadaye alifundisha sheria Botswana. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1998, na sasa vimepita ishirini. Kwa Kifaransa cha kwanza kinaitwa Mma Ramotswe détective.

Mniruhusu nikae hapa kidogo. Baba yake Mma Ramotswe, Obed, alikwenda Afrika Kusini kufanya kazi chini ya ardhi, katika migodi. Alirudi na ng'ombe alionunua kwa mshahara wake, na mapafu yaliyojaa vumbi. Sura ambayo mzee huyu anasimulia maisha yake ya mgodini tuliisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza kwa Kifaransa, na binti wa lise ndiye aliyesoma. Mara ya pili aliirudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wale ambao hawakusoma Kifaransa, na katikati yake mama mmoja, ambaye mumewe anakohoa tangu mwaka juzi, aliomba tumngoje kidogo, akatoka nje. Tulimngoja. Aliporudi alisema tuendelee.

Mzee yule akiwa anakufa anamwambia binti yake auze ng'ombe, aanzishe biashara, labda duka la nyama. Binti anauza ng'ombe na anafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone. Katika kikundi chetu mjadala juu ya uamuzi huo ulichukua saa nzima, na bado haujaisha. Wenye biashara wanasema duka la nyama lingeleta faida tangu mwezi wa kwanza. Mimi niko upande wa Mma Ramotswe, lakini nakubali kwamba birika la chai, mashine ya kuandikia na gari dogo jeupe la zamani si mtaji wa kumtuliza mtu.

Hajasomea upelelezi popote. Anatumia vile ambavyo kila mama anavyo. Mwanamke mmoja anamletea shida: mwanaume amefika nyumbani kwake akidai ni baba yake aliyepotea miaka mingi, na sasa anakaa, anakula, anaagiza. Ni baba kweli? Mma Ramotswe anavaa nguo za nesi, anakwenda kwa bwana yule na kumwambia kwamba binti amepata ajali, anahitaji damu nyingi sana, na baba tu ndiye anayeweza kuitoa, hata kama itamgharimu maisha. Jibu la bwana yule mnaweza kulikisia. Wasomaji wa Biblia walipiga kelele mara moja: ni Sulemani na upanga wake! Wazee wetu wakasema hapana, ni Kabundi, yule mnyama mdogo wa hadithi zetu anayewashinda wakubwa kwa akili. Nadhani wote wana haki.

Msaidizi wake, Mma Makutsi, ni mama ambaye kila kikundi kinaye mmoja. Alipata alama 97 kwa mia katika mtihani wa mwisho wa chuo cha uhazili, na hakuna siku inayopita bila alama hizo kutajwa. Katika kikundi chetu tumekwisha kujua ni nani. Anajijua. Anasoma mistari hii sasa.

Kuna pia Miss Marple wa Agatha Christie, ambaye vitabu vyake katika Kifaransa vinapatikana mara kwa mara kwa wauzaji wa vitabu vya zamani. Ni bibi wa kijiji cha Uingereza asiyeolewa, alitokea katika kitabu kizima kwa mara ya kwanza mwaka 1930, na tangu hapo anafuma sweta na kukamata wauaji. Njia yake ni kwamba kila mtu mgeni anamkumbusha mtu wa kijijini kwake: huyu anacheka kama yule kijana wa duka aliyeiba, yule anajificha kama yule mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa na mimba. Bibi wa namna hiyo ukimweka kwenye avenyu yoyote ya Kasulo, kesho atajua nani ana deni la unga. Christie huyo huyo alimwandika pia mpelelezi Mbelgiji, Hercule Poirot, mwenye mustachi uliopakwa mafuta, na nadhani ndiye Mbelgiji pekee ambaye marehemu bibi yangu angempokea nyumbani bila kuuliza kwanza kama amekuja kwa ajili ya kodi. Kwangu mimi Christie ana baridi kidogo. Watu wake wanakufa na wengine wanaendelea kula mkate na siagi. Bwana Msa na Mma Ramotswe wanajua kilio ni nini.

Kwa vikundi vinavyotaka kuanza, tunavyofanya sisi ni hivi. Anasoma mmoja kwa sauti, wengine wanasikiliza, kwa sababu kitabu ni kimoja na si wote tunaosoma. Kuchagua maharage kunaruhusiwa. Kuchambua sombe kunaruhusiwa. Kutwanga hakuruhusiwi, kwani sura ya nne nzima tuliisikia kama ngoma. Watoto wa lise wanasoma Kifaransa na kutafsiri, na wanalipwa kwa mandazi. Mwisho wa kila sura tunafunga kitabu na kila mmoja anasema anamshuku nani na kwa nini, na hiyo "kwa nini" ni lazima. Anayesema "moyo wangu tu unaniambia" haandikwi. Mpaka sasa muuza makala amepatia mara nyingi kuliko sisi wote, na ameanza kutembea kwa namna fulani.

Kuna mmoja wetu, sitamtaja, ambaye anafungua ukurasa wa mwisho kwanza. Anasema hawezi kumpenda mtu kwa kurasa mia halafu aambiwe ndiye aliyeua. Tumemwekea sharti: anaweza kujua, lakini uso wake ukae chini ya kitenge mpaka tumalize.

Mzimu umebaki na sura tatu. Baada ya hapo tunataka Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968. Giningi, kwa imani ya watu wa Unguja, ni huko chini ambako wachawi wanakutana, na mnaweza kufikiri jina kama hilo lilivyopokelewa katika kartie yenye mashimo kama yetu. Mama mmoja alisema hatakisoma baada ya saa kumi na mbili jioni. Nakala hatuna. Shemeji yangu yuko njiani kurudi Dar es Salaam na ameandikiwa jina la kitabu kwenye kiganja, lakini mimi namjua, atanawa mikono. Wenye mume, kaka au shemeji anayepita Kasumbalesa mwezi huu, wapeni jina hilo kwenye karatasi. Jumamosi ni saa nane, lupango lenye mwembe mkubwa. Kila mmoja aje na kiti chake na makala kidogo ya chai.